Sherifu, jaji na karani wa kaunti: mwongozo kamili wa kupiga kura Kentucky

Uchaguzi wa rais ukikaribia, kila kikao cha Waswahili hapa Kentucky hugeuka cha siasa. Harusini, msibani, nje ya kanisa au msikiti, watu wazima wanabishana habari za Washington mpaka chai inapoa. Sina neno na hilo. Lakini tazama mambo yanayotufika sisi wenyewe: mama amechelewesha kodi ya nyumba na mwenye nyumba amempeleka mahakamani, kijana amekamatwa akiendesha gari bila leseni, mzazi anadai matunzo ya mtoto, mtu amenunua gari Indiana na anataka kulisajili huku. Anayeamua kila moja ya hayo ni mtu aliyechaguliwa na wakazi wa kaunti, katika uchaguzi ambao wengi wetu hata hatukujua kama upo.

Kentucky ina kaunti 120. Nitasema zaidi kuhusu zile zenye watu wetu wengi: Jefferson iliko Louisville, Fayette iliko Lexington, na Warren iliko Bowling Green. Walio majimbo mengine nimewawekea maneno machache kuelekea mwisho, kwa sababu kila jimbo lina utaratibu wake.

Kabla ya yote: wewe ni raia?

Hapa nakuomba usome polepole. Anayepiga kura ni raia wa Marekani peke yake. Mwenye grini kadi hapigi kura, hata kama ameishi hapa miaka ishirini, analipa kodi na ana watoto waliozaliwa Louisville. Mkimbizi ambaye bado hajapata uraia hapigi. Mwaka 2024 wapiga kura wa Kentucky waliliingiza katazo hilo kwenye katiba ya jimbo.

Hatari yenyewe mara nyingi huanza kwenye kujiandikisha. Unakwenda kuchukua leseni ya udereva au kuomba msaada wa serikali, unapewa fomu, mtu anakuuliza kama ungependa kujiandikisha kupiga kura, nawe kwa heshima unaitikia ndiyo na kusaini. Kwa kusaini umetamka kwamba wewe ni raia. Fomu ya kuomba uraia, N-400, inauliza wazi kama uliwahi kujiandikisha au kupiga kura, na jibu hilo linaweza kukunyima uraia au hata kukuingiza kwenye kesi ya kurudishwa ulikotoka. Kama si raia, jibu ni hapana, na fomu usiisaini. Kama tayari ulisaini bila kuelewa, mwone wakili wa uhamiaji kabla hujatuma ombi lolote. Usingoje afisa akugundulie mezani.

Mkimbizi anaweza kuomba uraia baada ya miaka 5, na miaka hiyo kwa kawaida huhesabiwa tangu siku aliyoingia nchini, si tangu siku aliyopokea grini kadi. Wapo watu wanaosubiri zaidi ya inavyotakiwa kwa kutolijua hili. Pia mzazi akishakuwa raia, mtoto wake aliye chini ya miaka 18, mwenye grini kadi na anayeishi naye chini ya malezi yake, huwa raia papo hapo kwa sheria. Vijana wengi wetu ni raia na hawajui. Mtafutie pasipoti ili awe na ushahidi mkononi.

Aliyewahi kufungwa kwa kosa kubwa naye asijihukumu mwenyewe. Desemba 2019 Gavana Andy Beshear alitoa amri iliyowarudishia haki ya kupiga kura watu zaidi ya 140,000 waliokwisha kumaliza adhabu za makosa yasiyo ya ukatili. Uliza kwanza kama umo.

Jiandikishe, na uchague chama mapema

Kujiandikisha kunafanyika kwenye tovuti ya jimbo, GoVoteKY.com, au kwa fomu ya karatasi katika ofisi ya karani wa kaunti. Daftari hufungwa wiki nne kabla ya uchaguzi. Kwa uchaguzi wa mchujo (ule wa vyama kupata wagombea wao) wa tarehe 19 Mei 2026, siku ya mwisho ni tarehe 20 Aprili. Kwa uchaguzi mkuu wa tarehe 3 Novemba 2026, ni tarehe 5 Oktoba, saa kumi jioni. Ukihama nyumba, badilisha anwani kwenye daftari, hata kama umehamia mtaa wa pili tu.

Sasa suala la chama. Mchujo wa Mei umefungwa: Democrat wanapiga kwao, Republican kwao, na asiye na chama hapati karatasi ya wagombea wa chama chochote. Kwa uchaguzi wa rais hilo linaweza lisikuume sana. Kwa uchaguzi wa kaunti linauma, kwa sababu sehemu nyingi chama kimoja ndicho chenye nguvu, chama cha pili hakisimamishi mtu kabisa, na anayeshinda Mei ndiye sherifu. Ukingoja Novemba unakuta jina moja tu.

Aliyekwisha kujiandikisha na anataka kubadili chama lazima afanye hivyo kabla au siku ya tarehe 31 Desemba ya mwaka uliotangulia. Hapo ndipo watu hukwama: wanazinduka Aprili, wamechelewa miezi minne. Anayejiandikisha kwa mara ya kwanza habanwi na tarehe hiyo. Anachagua chama siku anapojiandikisha. Na kijana wa miaka 17 atakayefikisha 18 kabla ya uchaguzi mkuu anaruhusiwa kupiga kura ya mchujo.

Kuchagua chama kwenye daftari hakukufungi Novemba. Siku hiyo unampigia umtakaye.

Nani anafanya nini

Hii ndiyo sehemu ya kukaa nayo. Majina ya vyeo nayaandika kama yatakavyoonekana kwenye karatasi ya kura, ili ukiyaona usibabaike.

*Sheriff.* Watu wengi humchanganya na mkuu wa polisi. Mkuu wa polisi wa Louisville au Lexington hachaguliwi na wananchi. Yeye ni mtu wa meya. Sherifu anachaguliwa na kaunti nzima kwa miaka 4. Analinda mahakama, anasafirisha mahabusu, anapeleka hati za mahakama nyumba kwa nyumba, na mahakama ikiamuru mpangaji atoke, wasaidizi wake ndio wanaosimama mlangoni mabegi yakitolewa nje. Huku Kentucky pia ndiye anayekusanya kodi ya ardhi na majengo. Na ukileta gari kutoka jimbo jingine, kabla karani hajakupa namba, msaidizi wa sherifu lazima alikague: anasoma nambari ya chesisi, anailinganisha na hati, anasaini fomu. Kwa hiyo hata asiyewahi kuguswa na polisi hukutana na ofisi hii. Katiba ya Kentucky inamtaka awe na miaka 24, awe ameishi jimboni miaka 2 na kwenye kaunti mwaka 1. Haimtaki awe amewahi kuwa askari, kwa hiyo kumpima uzoefu na tabia ni kazi yako mpiga kura.

*Jailer.* Mkuu wa jela ya kaunti, na Kentucky anachaguliwa na wananchi! Ni nadra kuona hivyo Marekani. Kwenye kaunti kama Warren, jailer ndiye anayeamua jela inaendeshwaje: chakula, matibabu, simu, jinsi familia inavyomwona ndugu yao. Louisville na Lexington jela iko chini ya serikali ya mji, kwa hiyo malalamiko ya huko yapelekwe kwa meya. Kuna kaunti zisizo na jela ambazo bado zinamchagua jailer, naye kazi yake kubwa ni kusafirisha mahabusu hadi jela ya jirani.

Suala la uhamiaji linawagusa wawili hawa moja kwa moja. Serikali ya Marekani ina mikataba iitwayo 287(g), inayowapa askari wa sherifu au wa jela baadhi ya mamlaka ya maafisa wa uhamiaji. Zaidi ya hapo, baadhi ya jela za kaunti, kama ile ya Boone kaskazini mwa Kentucky, zimekuwa zikiwahifadhi mahabusu wa uhamiaji. Kura inaweza kubadilisha mambo kama hayo: mwaka 2018 kaunti ya Mecklenburg, North Carolina, ilimchagua Garry McFadden kuwa sherifu, na alipoingia ofisini tu akaufuta mkataba wa 287(g). Upande wowote utakaokuwa, mwulize mgombea msimamo wake ana kwa ana, kabla hajashinda.

*County Attorney* na *Commonwealth's Attorney.* Waendesha mashtaka ni wawili na kazi zao ni tofauti. County Attorney anashughulikia makosa madogo na ya barabarani, kesi za watoto, na mara nyingi ufuatiliaji wa matunzo ya mtoto. Yule kijana aliyekamatwa bila leseni atakutana na ofisi hii, na ofisi hii ndiyo inayoamua kama itamruhusu akapate leseni kisha kesi ifutwe, au itamng'ang'ania. Anachaguliwa kila miaka 4, mwaka 2026 ukiwemo. Commonwealth's Attorney ndiye wa makosa makubwa: mauaji, unyang'anyi, ubakaji, dawa za kulevya. Muhula wake ni miaka 6. Walichaguliwa 2024 na watarudi kwa wananchi 2030.

*District Judge.* Kwa maoni yangu hii ndiyo nafasi inayotugusa kuliko zote na tunayoijali kidogo kuliko zote. Mahakama ya District inasikiliza kesi za kuondolewa kwenye nyumba, makosa madogo, trafiki, watoto, na madai madogo ya hadi dola 2,500. Jaji huyu ndiye anayepanga dhamana mtu akikamatwa, na Kentucky dhamana ni jambo la jaji hasa, kwa kuwa tangu 1976 jimbo lilipiga marufuku biashara ya kudhamini watu kwa malipo. Hakuna duka la kukimbilia kununua dhamana kama Texas. Muhula ni miaka 4, na nafasi zote zimo kwenye uchaguzi wa 2026.

*Circuit Judge*, wakiwemo wa mahakama ya familia, wanaamua makosa makubwa, talaka na malezi ya watoto. Wao ni miaka 8: walichaguliwa 2022, wanarudi 2030.

*County Clerk* na *Circuit Court Clerk* ni makarani wawili tofauti. Wa kwanza anasajili magari, anatoa leseni za ndoa, anatunza hati za nyumba, na ndiye anayeendesha uchaguzi wenyewe: vituo viko wapi, vingapi, foleni ndefu kiasi gani. Wa pili anatunza majalada ya mahakama.

Zilizobaki nitazipitia upesi. *Property Valuation Administrator* anakadiria thamani ya nyumba yako, na kodi hufuata makadirio yake. Mwenye nyumba amwangalie vizuri. *Coroner* anachunguza vifo vya ghafla na vya mashaka, na familia inayotaka kumzika ndugu yao upesi kwa dini au mila hukutana naye siku mbaya kuliko zote. *County Judge/Executive* asikuzuzue kwa neno hilo la jaji: huyu ni mkuu wa serikali ya kaunti, anaongoza baraza liitwalo *Fiscal Court*, ambalo nalo si mahakama bali ndilo linalopanga bajeti. Kwenye kaunti ya Warren ana nguvu kubwa. Jefferson na Fayette cheo kimebaki jina tu, mamlaka yako kwa meya.

Kuwachunguza wagombea

Anza na karatasi ya mfano. Kabla ya kila uchaguzi, karatasi ya kura ya eneo lako hupatikana GoVoteKY.com au kwa karani. Ichape, kaa nayo mezani na familia, weka alama kwenye majina usiyoyajua. Karibu yote hutayajua, na ni kawaida.

Kwa sherifu na waendesha mashtaka, tafuta habari zao kwenye magazeti ya mji, halafu angalia nani anawachangia fedha. Taarifa za michango zinawekwa hadharani na ofisi ya jimbo iitwayo Kentucky Registry of Election Finance. Ukiona fedha nyingi zimetoka kwa wenye majumba ya kupangisha, au kwa mawakili wanaokwenda mbele ya jaji huyohuyo, unalo la kuuliza.

Majaji ni wagumu zaidi. Wanagombea bila chama, na kanuni za maadili haziwaruhusu kuahidi wataamuaje kesi. Ila mahakama iko wazi. Kama jaji aliyeko ndiye anayegombea tena, nenda asubuhi moja siku ya kesi za nyumba, keti nyuma kimya, utazame. Wapangaji wanaitwa mmojammoja, wengi hawana wakili, kesi nyingine inakwisha kabla mtu hajakaa sawa. Angalia jaji anamwuliza mpangaji kama ameelewa, au anamtazama wakili wa mwenye nyumba tu. Angalia asiyejua Kiingereza anafanyiwa nini: mahakama za Kentucky zina wajibu wa kumpa mkalimani bure, wa Kiswahili pia. Jaji mwema anasimamisha kesi mpaka mkalimani apatikane, au ampigie kwa simu. Akimwachia mtoto wa miaka kumi amfasirie mama yake, umeshajua unachohitaji kujua.

Wagombea wa kaunti si watu wa mbali. Wanapita kwenye vikao vidogo na mara nyingi hakuna anayewaita kwetu. Jumuiya, kanisa au msikiti ukiandika barua pepe ukawaalika, wengi watakuja. Waulizeni maswali ya kazi: Bwana mgombea, ofisi yako itakuwa na mtu wa Kiswahili wa kupokea simu? Mtu akikosa siku ya mahakama kwa sababu barua ilikuwa ya Kiingereza, utafanya nini? Utaweka mkataba na uhamiaji? Kumbukeni nyumba za ibada zinaruhusiwa kualika wagombea wote sawasawa. Kumpigia debe mmoja mimbarani ni jambo jingine, linaweza kuleta matatizo ya kodi.

Kupiga kura yenyewe

Huna haja ya kusubiri Jumanne. Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi kabla ya siku ya uchaguzi vituo vya mapema huwa wazi kwa kila mpiga kura, bila kutoa sababu. Kwa wanaofanya zamu za usiku kwenye maghala na viwandani, Jumamosi hiyo ni nafuu kubwa. Jumanne yenyewe vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Aliye kwenye foleni wakati wa kufunga ana haki ya kupiga, asiondoke. Sheria ya Kentucky inamtaka mwajiri akupe angalau saa 4 za kwenda kupiga kura, mradi umeomba kabla ya siku hiyo. Omba kwa maandishi. Hailazimishi ulipwe saa hizo.

Beba kitambulisho chenye picha: leseni ya udereva, kitambulisho cha jimbo au pasipoti.

Asiyesoma Kiingereza, au mwenye ulemavu, anaruhusiwa kusaidiwa na mtu amtakaye, haki iliyomo kwenye sheria ya shirikisho ya kura ya mwaka 1965. Anaweza kuwa mwanao, jirani, mtu wa kanisani. Hawezi kuwa mwajiri wako, mtu aliyetumwa na mwajiri, wala kiongozi wa chama chako cha wafanyakazi. Ukifika, mwambie afisa kwamba unahitaji msaidizi. Mtajaza fomu ya kiapo kisha mtaingia pamoja. Bibi zetu wasiojua kusoma wanayo haki hii kamili, na msaidizi anaweka alama pale bibi aliposema, si pale anapopenda yeye.

Sasa fikia karatasi yenyewe. Unajaza kiduara kwa kalamu, halafu unaiingiza kwenye mashine. Ukikosea, usifute wala kukata. Irudishe kabla ya kuiingiza, upewe nyingine. Juu Novemba utaona sehemu ya *Straight Party*: ukijaza kiduara cha chama, umewapigia kura wagombea wote wa chama hicho kwa mara moja. Watu wanaipenda kwa sababu ni ya haraka. Lakini majaji hawana chama, kwa hiyo kiduara hicho hakiwagusi. Aliyejaza pale na kuondoka amewaacha tupu majaji wote, yaani amemwachia mwingine amchagulie mtu wa kuamua kesi yake ya nyumba. Geuza karatasi, tafuta majaji, jaza mmojammoja. Mimi nawashauri watu waanze na majaji, wakiwa bado hawajachoka, ndipo wapande juu.

Jina lako lisipoonekana kituoni, usirudi nyumbani. Mwombe afisa ampigie simu karani wa kaunti mkiwa palepale. Mara nyingi umepelekwa kituo kingine tu.

Ukiwa jimbo jingine

Texas, majaji wanagombea kwa chama, mchujo ni Machi, na kesi za kuondolewa nyumba ziko kwa *Justice of the Peace*. Uchaguzi wa kiduara kimoja cha chama uliondolewa huko kuanzia 2020, kwa hiyo Houston unajaza kila nafasi, na karatasi ni ndefu kweli. Maine, walipo ndugu zetu wengi wa Portland na Lewiston, unamchagua sherifu na mwendesha mashtaka, ila karibu majaji wote huteuliwa na gavana. Connecticut haina sherifu wa kaunti kabisa. Tafuta ofisi ya karani wako na uulize karatasi ya mfano; huko ndiko kila jibu linakoanzia.

Na anayetaka kugombea

Raia aliyezaliwa Goma, Kigoma au Mombasa anaruhusiwa kugombea nafasi hizi zote. Ni urais na umakamu pekee ndio unaotaka mzaliwa. Fomu ya nafasi za kaunti iko kwa karani wa kaunti. Kwa nafasi za chama kama sherifu au jailer, inasainiwa na wapiga kura wawili wa chama chako, na mlango hufungwa Ijumaa inayofuata Jumatatu ya kwanza ya Januari ya mwaka wa uchaguzi. Nafasi za kuanzia ni *Magistrate*, yaani mjumbe wa Fiscal Court, au *Constable*, askari wa kuchaguliwa wa eneo dogo la kaunti: hazihitaji shahada ya sheria, eneo lake ni dogo kiasi cha kulipita kwa miguu, na katika kaunti kadhaa mgombea hupita bila kupingwa kwa sababu hakuna mwingine aliyechukua fomu.